Filamu mpya za kamera: Ektachrome, P30, CineStill au Phoenix?

Januari 2012 kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani iliomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake, na mwaka huohuo ikatangaza mwisho wa Ektachrome, filamu zake za mwisho za slaidi, yaani zile ambazo zikisafishwa hutoa picha chanya badala ya negativu. Wapiga picha waliokuwa bado na kamera za filamu wakanunua mikanda na kuijaza kwenye friji, kila mtu akijua kwamba akiba hiyo ikiisha ndiyo imeisha. Kumbe sivyo. Ndani ya miaka michache filamu mpya zilianza kutoka Marekani, Italia na Uingereza, na zinaendelea kutoka. Leo mwenye kamera ya filamu hana tena shida ya kukosa. Shida yake ni kujua anunue ipi, wakati mkanda mmoja unamgharimu pesa ya kuonea uchungu na kila mpiga picha anasifia aupendao yeye.

Hapa nimeweka nne bega kwa bega. Ya kwanza ni Kodak Ektachrome E100, filamu ya slaidi iliyofufuliwa. Ya pili ni Ferrania P30, nyeusi na nyeupe, iliyozaliwa upya kutoka enzi za sinema ya Italia. Ya tatu ni CineStill 800T, filamu ya sinema iliyobadilishwa ili ikubali kamera za kawaida. Ya nne ni Harman Phoenix 200, filamu ya rangi iliyobuniwa kuanzia mwanzo kabisa. Zipo nyingine, lakini hizi nne zinaonyesha vizuri namna mbalimbali za filamu kuwa “mpya”, na hapo ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa.

Nimezipima kwa mambo matano. Kwanza, upya wake: nini hasa ni kipya ndani ya kopo? Pili, mwanga inaoutaka, maana huko ndiko mikanda mingi inakoharibikia. Tatu, sura ya picha: rangi, chembe, na jinsi inavyotendea ngozi ya mtu. Nne, usafishaji: nani ataisafisha, na kwa dawa gani? Tano, bei na utunzaji. Sikuweka kigezo cha “ubora” kwa jumla, kwa kuwa filamu inayong’aa saa nne asubuhi ufukweni inaweza kukuaibisha saa mbili usiku ukumbini.

Upya wake

Ili kuona nani amefanya kazi gani, inafaa kujua filamu ni kitu gani. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa gelatini yenye chembe za chumvi za fedha, madini yenyewe, zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Filamu nyeusi na nyeupe inaweza kutosheka na tabaka moja au mawili ya aina hiyo. Filamu ya rangi inahitaji matabaka ya buluu, ya kijani na ya nyekundu, yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine. Kati yake kuna kichujio cha manjano, kwa sababu chumvi ya fedha kwa asili yake huiona buluu hata pale usipotaka. Kila tabaka lina kemikali zinazozaa rangi wakati wa kusafisha. Yote hayo hupakwa gizani, yakiwa na unene usiofika unywele mmoja, na tabaka moja likikosea rangi zote zinayumba. Ndiyo maana viwanda vinavyoweza kutengeneza filamu ya rangi duniani ni vya kuhesabu kwa vidole.

Kwa kipimo hicho, Phoenix ndiyo iliyopanda mlima mrefu zaidi. Harman Technology iko Mobberley, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na ndiyo inayotengeneza filamu za Ilford, kampuni iliyoanzishwa na Alfred Harman mwaka 1879. Mwaka 2005, kampuni ilipokuwa imefilisika, mameneja wake wenyewe waliinunua na kuendelea na nyeusi na nyeupe. Desemba 2023 wakatoa Phoenix 200, filamu yao ya kwanza ya rangi iliyotengenezwa yote na wao. Walisema wazi kwamba hiyo ni hatua ya kwanza, na kwamba mapato yangerudi kwenye utafiti. Ukiinua negativu ya toleo hilo la kwanza dirishani utaona jambo moja mara moja: haina ile rangi ya chungwa tuliyoizoea kwenye negativu za Kodak na Fuji, bali ina zambarau. Ile ya chungwa kazi yake ni kusahihisha kasoro za rangi ndani ya filamu, nao walikuwa hawajaifikia. Julai 2025 walitoa Phoenix II, yenye chembe ndogo na rangi tulivu zaidi. Mimi ninaiheshimu sana kampuni iliyokubali kuuza hatua zake za kwanza hadharani, kila mtu akiziona.

Ektachrome ina historia nyingine. Kodak ilitangaza Januari 2017 kwamba inarudi, na mikanda ya milimita 35 ikaingia madukani Septemba 2018. Ile ya 120, yaani ya mkanda mpana zaidi, na ya vipande vikubwa ikafuata mwishoni mwa 2019. Kufufua huko hakukuwa suala la kuwasha mashine tu. Baadhi ya kemikali za zamani zilikuwa hazitengenezwi tena na yeyote, kwa hiyo wataalamu walilazimika kutunga upya sehemu za mapishi. E100 ya leo ni ya ukoo wa ile ya zamani, ila si nakala yake.

P30 inatoka kijiji cha Ferrania, kwenye vilima vya Liguria nchini Italia, ambako kiwanda kikubwa cha filamu kilifanya kazi kwa miongo mingi. Mwaka 2014 watu waliotaka kukiamsha waliomba michango mtandaoni wakiahidi filamu ya slaidi ya rangi. Watu zaidi ya 5,000 wakatoa zaidi ya dola 320,000. Kisha ukaja ukweli wa majengo ya zamani: asbesto ya kuondoa, mitambo ya kuhamisha, mafundi wastaafu wa kutafutwa nyumbani kwao. Kilichotoka mwaka 2017 hakikuwa slaidi ya rangi. Kilikuwa P30, nyeusi na nyeupe ya ISO 80 (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kuitikia mwanga; ikiwa ndogo, filamu inataka mwanga mwingi), inayofuata filamu ya sinema ya miaka ya 1960. Walioahidiwa rangi wana haki ya kununa. Hata hivyo P30 ni filamu nzuri kwa haki yake, na ukishaelewa yale matabaka ya rangi utaelewa kwa nini walianzia pale.

CineStill 800T ndiyo isiyodai kuwa na mapishi mapya. Ndani yake kuna filamu ya sinema ya Kodak, Vision3 500T. Kwa miaka mingi filamu za sinema za Kodak zilikuwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni, lililozikinga na mikwaruzo, umeme tuli na mwanga unaorudi nyuma. Tabaka hilo haliruhusiwi kuingia kwenye mashine ya kawaida ya kusafishia picha, kwa sababu litachafua dawa na mikanda ya watu wengine. CineStill, kampuni ya California, huuza filamu hiyo ikiwa tabaka limeshaondolewa. Upya wake ni kwamba kitu kilichokuwa cha watu wa sinema pekee sasa kinaingia kwenye kamera yako na kupokelewa dukani.

Kuna wanaosubiri Kodachrome, filamu nyingine ya zamani ya slaidi ya Kodak, irudi. Ninawahurumia, maana hata mimi napenda nyekundu zake, lakini sioni njia. Kemikali za rangi za Kodachrome hazikuwa ndani ya filamu. Ziliingizwa wakati wa kusafisha, kwa mtambo wa aina yake wenye hatua nyingi, na duka la mwisho duniani lililokuwa na mtambo huo, Dwayne’s Photo la Kansas, liliacha kupokea mikanda hiyo mwisho wa 2010. Angeifufua mtu filamu, angelazimika kuufufua na usafishaji wake. Tumaini lililobaki hai ni la filamu zinazoingia kwenye dawa ambazo bado zipo.

Mwanga inaoutaka

Kanuni ya zamani bado inafanya kazi: jua kali, weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata iwe sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO. Kwa P30 hiyo ni karibu 1/80, na kwa E100 ni 1/100. Kamera yoyote ya babu inamudu. Kwa Phoenix ni karibu 1/200. Kwa CineStill 800T unatakiwa 1/800, na kamera nyingi za zamani zinaishia 1/500. Mchana wa Pwani 800T ni nyingi mno, labda uwe na kichujio mbele ya lenzi.

E100 ndiyo kali kuliko zote. Filamu ya slaidi haisamehe: ukiipa mwanga zaidi kwa stopu moja, yaani maradufu ya unaostahili, sehemu nyeupe zimeungua na hazirudi. Ukiipunguzia kiasi hicho, vivuli vimekufa. Fikiria mzee aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama saa saba mchana mbele ya ukuta wa chokaa Lamu. Ukipima kwa ajili ya uso wake, kanzu inakuwa karatasi tupu. Ukipima kwa ajili ya kanzu, uso unapotea. Mtu huyohuyo saa kumi na moja jioni, au ndani ya baraza yenye kivuli laini, anatoka vizuri ajabu. Anayenunua E100 anunue pamoja na subira ya kungoja mwanga.

Phoenix nayo, ingawa ni negativu, haina uvumilivu wa negativu za Kodak. Toleo la kwanza lilikuwa na mkazo mkubwa kati ya mwanga na kivuli. Wengi huipa mwanga zaidi kidogo kuliko ISO 200 inavyodai, nami naona wana haki. Phoenix II imelegeza mkazo huo kwa kiasi. P30 pia hupenda kufunga vivuli kwenye weusi mzito, kwa hiyo ipimie sehemu ya giza unayotaka ionekane.

800T ni ya usiku, na imetengenezwa kwa taa za glopu, si kwa jua. Ukiipiga mchana bila kitu, kila kilichomo kinaelekea buluu. Dawa yake ni kichujio cha rangi ya chungwa kiitwacho 85B, nawe unaipima kama ISO 500. Usiku ndipo inapojieleza. Piga Forodhani, Unguja, wakati wachomaji mishikaki wamewasha taa zao: kila taa inayotazama lenzi inapata duara jekundu kama kaa la moto kuizunguka. Hilo linatokea kwa sababu lile tabaka jeusi la mgongoni halipo, hivyo mwanga unapita, unagonga nyuma na kurudi kwenye tabaka la nyekundu. Phoenix ya kwanza ilikuwa na tabia inayofanana nayo, mng’ao wa chungwa kwenye kingo za vitu vyenye mwanga mkali. Wapo wanaoitafuta sura hiyo, na wapo isiowapendeza hata kidogo. Jijue uko upande gani kabla ya kwenda kupiga harusi ya mtu.

Sura ya picha, na ngozi ya mtu

E100 ni safi: chembe ndogo sana, nyeupe iliyo nyeupe, anga ya buluu isiyotiwa chumvi. Wanaotafuta machweo yaliyokolea kupita kiasi watahisi ni ya baridi. P30 ina chembe ndogo pia, na weusi wake una uzito wa picha za sinema za zamani. Kuta za mawe, milango ya nakshi na nyuso za wazee zinapata nguvu nyingi ndani yake. 800T ina chembe zinazoonekana lakini laini, na rangi za usiku zinazovutia. Phoenix ya kwanza ina chembe kubwa, nyekundu zinazoruka, na kila kitu kikiwa na msisimko kidogo. Toleo la pili limetulia.

Kuhusu ngozi nitasema zaidi, maana linatugusa. Kwa miaka mingi maduka ya kusafishia picha yalirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walitoka wakiwa weusi wa makaa, meno na macho tu yakionekana, hasa kwenye picha ya pamoja na mtu mweupe. Filamu za baadaye ziliboreshwa, lakini alama ya fikra ile ilidumu. Kwa hiyo ninapopewa filamu mpya ninauliza kwanza: uso mweusi unatokaje? Tumaini langu kubwa kwa viwanda hivi ni kwamba watakapopima filamu zijazo, uso wa Mmakonde na wa Mturkana utakuwa mezani siku ya kwanza.

Kwa hizi nne, jibu linategemea sana upimaji wako. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, hivyo mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe hupewa mwanga mdogo kuliko anaohitaji. Sogea karibu, pima uso wenyewe, kisha rudi nyuma upige. Kwa 800T na Phoenix, ongeza mwanga kidogo bila woga, kwani negativu hubeba mwanga wa ziada vizuri kuliko upungufu. Ukifanya hivyo chini ya taa za manjano, 800T inaupa uso mweusi joto na mng’ao wa kupendeza. E100 kwenye kivuli laini inaonyesha ngozi kwa uaminifu, bila kuipaka wekundu. P30 inatoa nyuso zenye umbo, mashavu na mikunjo ikisomeka, lakini jua la utosini litachimba mashimo meusi chini ya nyusi. Phoenix ya kwanza ndiyo inayonipa shaka kwenye nyuso, kwa kuwa wekundu wake hupanda. Kwa picha za watu chukua ya pili.

Kusafisha

Hapa ndipo mtu anapaswa kuanzia, kabla hata ya kutazama picha za wengine. 800T na Phoenix husafishwa kwa C-41, dawa ileile ya filamu za rangi za kawaida. Duka la filamu lililobaki mjini kwako, kama lipo, kwa kawaida ni la C-41. Angalizo moja kuhusu Phoenix: mwambie fundi kabla hajaskani. Mashine zilizozoea rangi ya chungwa zinaposoma negativu ya zambarau hutoa rangi za ajabu, na mteja hulaumu filamu.

E100 inataka E-6, dawa za filamu za slaidi, na hiyo ni shida Afrika Mashariki. Wengi huishia kumpa mkanda msafiri anayekwenda Ulaya, au kusafisha nyumbani. Nyumbani inawezekana. Dawa huja kwa seti, na dawa ya kwanza inataka nyuzi 38 kwa dakika sita, bila kupanda wala kushuka. Ukikosea hapo, slaidi nzima imekosea. Faida yake ni kwamba ikishatoka huhitaji skana kujua ulichopata. Inua ukanda kuelekea dirishani na picha ipo pale, chanya, na rangi zake zote, ndogo kama stempu.

P30 ndiyo rahisi kwa mtu wa nyumbani. Tangi moja, dawa ya kusafishia, maji ya kusimamisha, dawa ya kugandisha, basi. Ila dawa za nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba Dar es Salaam mwezi Februari hayako hata karibu na hapo. Weka chupa za dawa ndani ya beseni lenye barafu, usitie barafu ndani ya dawa. Ajabu ni kwamba joto hilohilo la Pwani linasaidia upande wa rangi: C-41 inataka nyuzi 38, na kupandisha maji ya uvuguvugu hadi hapo ni kazi nyepesi kuliko kushusha hadi 20. Dawa yake ya kwanza hukaa dakika tatu na robo, kwa hiyo uwe na saa mkononi. Jambo jingine la P30 ni kwamba huchagua dawa. Soma maelekezo ya Ferrania wenyewe badala ya kutumia muda wa filamu nyingine, la sivyo weusi wake utakuwa lami.

Bei na utunzaji

E100 ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuinunua na kwa kuisafisha. 800T inaifuata. P30 na Phoenix ni nafuu kuliko hizo mbili, na P30 inazidi kuwa nafuu ukisafisha mwenyewe. Bei hupanda mara kwa mara, kwa hiyo linganisha siku unayonunua, na uhesabu posta na ushuru.

Joto na unyevu huua filamu taratibu. Hifadhi kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, na ukiitoa iache ipate joto la chumba saa moja au zaidi kabla ya kuifungua, isije ikashika umande. Ukishapiga, usikae nayo miezi. Uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, hasa 800T, kwani mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi zina mionzi mikali kuliko zile za zamani.

Kila moja inamfaa nani

E100 inamfaa anayefanya kazi polepole, mwenye kipima mwanga cha kuaminika na njia ya uhakika ya E-6: mpiga picha wa mandhari, wa majengo, wa vitu vya makumbusho. P30 inamfaa anayetaka kujifunza kusafisha kwa mikono yake, na anayependa maumbo kuliko rangi. 800T inamfaa mtu wa usiku, wa muziki, wa mitaa yenye taa. Phoenix inamfaa anayefurahia kuona kitu kikikua, asiyeumia rangi ikitoka tofauti na macho yake yalivyoona.

Kulingana na hali yako

Kama mji wako hauna duka lolote la kusafisha filamu, chukua P30 na ujenge kona ya kusafishia nyumbani. Ukishazoea tangi, C-41 haitakutisha, na milango ya 800T na Phoenix inafunguka.

Kama duka la C-41 lipo na unataka rangi za mchana, Phoenix II ndiyo ya kuanzia kati ya hizi nne. Kama kinachokuvuta ni ule uzambarau na msisimko wa toleo la kwanza, uliza dukani kama wamebakiwa nalo.

Kama umepewa kazi ya harusi au sherehe ya usiku, 800T inaweza kuwa mkanda wa pili pembeni ya kamera ya dijitali, na mteja awe ameona mfano wa yale maduara mekundu akakubali. Nikah ya mchana yenye kanzu na mabuibui chini ya jua usiifanye kwa E100, hata kama umeombwa.

Kama unasafiri mara moja katika maisha, kwenda hija, kumwona ndugu Muscat au kupanda Kilimanjaro, usiende na filamu ambayo hujawahi kuipiga. Piga mkanda wake mmoja nyumbani kwanza. Mlimani, ambako theluji na mawe meusi vinakaa fremu moja, E100 inataka kipimo makini na asubuhi ya mapema.

Kama unachojali ni pesa yako iende wapi, tofauti ipo. Anayenunua Phoenix anachangia utafiti wa rangi Mobberley. Anayenunua P30 anakiweka hai kiwanda kidogo Liguria, ambacho bado kina deni la rangi kwa waliokiamini. E100 na 800T zote mbili zinatoka kwenye mitambo ya Kodak Rochester, ileile inayoilisha Hollywood filamu, na mitambo hiyo ikisimama si rahisi mwingine kuwasha mfano wake.

Na kama kamera umeirithi na hujui kama shata yake bado ni mzima, acha zote nne kwa sasa. Nunua mkanda wa Kentmere 400, nyeusi na nyeupe ya bei ndogo kutoka kiwanda kilekile cha Mobberley, piga ukuta uleule kwa kila kasi ya shata huku ukibadilisha tundu la lenzi kulingana nayo, usafishe, na utazame negativu. Zikiwa na wepesi na weusi unaolingana kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kamera ni nzima, sasa chagua. Kasi moja ikitoka tofauti, mpelekee fundi kwanza.